Sarafu za zamani kwa kilo: jinsi ya kununua na kuuza bila kupigwa

Ukisikia mtu anauza sarafu za zamani kwa kilo usikimbilie kuuliza kilo bei gani, uliza kwanza kilo ya nini. Kilo ya sarafu za fedha (yale madini, silver) na kilo ya chenji mchanganyiko ya nchi hamsini ni vitu viwili tofauti kabisa, ila vyote utavikuta vimewekwa kwenye picha moja ya bakuli limejaa vitu vinavyong'aa na maneno "bei ya kilo, njoo inbox".

Mi niliwahi kuuza mfuko wa sarafu za Uingereza, kilo moja na kitu, jamaa akaniambia hizi ni nusu fedha nusu madini mengine nikakubali maana kwa nyingi ilikuwa kweli. Sikuangalia miaka. Kumbe ndani kulikuwa na kama gramu 300 za kabla ya 1920, na hizo zina fedha asilimia 92.5 sio 50. Piga hesabu: 300 mara 0.925 ni gramu 277.5 za fedha safi, mi nimelipwa kwa 150. Gramu 127.5 za fedha nimempa mtu bure, zaidi ya wakia nne (wakia moja ya masonara ni kama gramu 31), na mizani yake wala haikuwa na kosa lolote, ilisoma sawasawa kabisa. Kosa lilikuwa nimepima kabla ya kuchambua. Kwa hiyo mwongozo huu wote umejengwa hapo: mizani inakuonyesha bei ya chini kabisa ya mzigo wako, hayo mengine yanatoka kwenye macho.

Kwanza jua uko kwenye kilo ipi

Kuna aina tatu na kila moja ina akili yake.

Ya kwanza ni sarafu zenye madini ya thamani, fedha hasa na mara chache dhahabu. Hapa uzito una maana ya moja kwa moja, unajua asilimia za fedha, unajua bei ya fedha ya siku hiyo, unapata jibu. Ya pili ni mchanganyiko wa sarafu za kawaida, shaba, nikeli, alumini, chuma, za nchi yoyote ile. Hapa kilo ni namna tu ya kuuza haraka bila kuhesabu, madini yenyewe karibu hayana kitu, unachonunua ni bahati ya kupata chache nzuri ndani. Ya tatu ni sarafu za kale zilizochimbwa ardhini, za Kirumi kwa mfano, zikiwa bado na udongo. Hiyo ya tatu nitaigusa mwishoni, ina mambo ya sheria na sio ya kuanzia.

Vifaa

Mizani ya kusoma mpaka 0.01 ya gramu, ile ndogo ya sonara, na nyingine ya kubeba kilo kadhaa. Ya jikoni inayosoma gramu moja moja haitoshi, sarafu ya gramu 2.5 ukiiweka pale inaweza kusoma 2 au 3. Nunua pia jiwe la kupimia la gramu 100 uwe unaikagua mizani kila kabla ya kazi, na uiweke juu ya kitu kilicholala sawa, mbali na feni. Watu wanacheka nikisema feni lakini upepo unacheza na desimali.

Afu kaliba ya kupima upana na unene, sumaku yenye nguvu (ile ya neodimiamu, sio ya kubandika kwenye friji), kioo cha kukuzia mara 10, na katalogi, yaani orodha ya sarafu na maelezo yake, iwe kitabu au ya onlaini. Bila katalogi hujui chochote, usijidanganye.

Na wakia. Hapa watu wanalizwa kila siku. Madini ya thamani yanapimwa kwa wakia ya masonara ambayo ni gramu 31.1035, wakati wakia ya kawaida ya jikoni ni gramu 28.35. Mizani nyingi zina zote mbili na kibonyezo ni kilekile, sasa mtu akikuuzia wakia kumi akiwa amepima kwa ile ndogo umelipia gramu 311 umebeba 283.5. Dawa yake ni rahisi, pima kila kitu kwa gramu basi. Ukikutana na tola, kipimo cha uzito cha India, ujue ni kama gramu 11.66, na ndio uzito wa rupia ya zamani ya India, yaani ile sarafu yenyewe watu walikuwa wanaitumia kama jiwe la mizani.

Kuchambua, na hapa usiwe na haraka

Mwaga mzigo mezani juu ya kitambaa. Raundi ya kwanza ni sumaku: kinachonata sio fedha wala dhahabu, weka pembeni (usitupe, nikeli tupu nayo inanata na kuna sarafu za nikeli zenye soko). Raundi ya pili ni nchi na mwaka, na hapa lazima uwe na tarehe chache kichwani maana nchi nyingi zilipunguza fedha kidogo kidogo mpaka ikaisha:

- Marekani: senti 10, 25, nusu dola na dola mpaka 1964 ni asilimia 90 fedha. Nusu dola za 1965 mpaka 1970 ni 40. Ile ya senti 5 ya wakati wa vita, 1942 mpaka 1945, yenye herufi kubwa juu ya jengo upande wa nyuma, ni 35.
- Uingereza: kabla ya 1920 ni 92.5, kuanzia 1920 mpaka 1946 ni 50, 1947 kuendelea hakuna kitu.
- Kanada: 1920 mpaka 1966 ni 80.
- Australia: mpaka 1945 ni 92.5, 1946 mpaka 1963 ni 50.
- Afrika Kusini: 1923 mpaka 1950 ni 80, 1951 mpaka 1964 ni 50.
- Uswisi: nusu faranga, faranga 1 na 2 mpaka 1967 ni 83.5.
- Ujerumani: maki 5 za 1951 mpaka 1974 ni 62.5.
- Rupia ya India mpaka 1939 ni 91.7, ya 1940 mpaka 1945 ni 50, ya 1947 ni nikeli tupu.
- Shilingi ya Afrika Mashariki ya mkoloni, 1921 mpaka 1946, ni 25 tu, na hii inawadanganya wengi kwa sababu inang'aa vizuri na ina simba.

Kila asilimia iwe na bakuli lake. Usichanganye 92.5 na 50 hata kama sura ya mfalme ni ileile, nimeshakueleza kilichonikuta.

Raundi ya tatu ndo yenye hela: kutoa zile ambazo hazitakiwi kupimwa kabisa. Dola ya Morgan (dola ya fedha ya Marekani) ya 1893 yenye herufi S zilichapwa 100,000 tu, senti 10 ya Marekani ya 1916 yenye herufi D zilichapwa 264,000, sasa ukiitupa moja ya hizo kwenye mizani pamoja na ndugu zake umeuza ng'ombe kwa bei ya kwato. Kinachofanya sarafu iwe adimu mara nyingi ni mwaka pamoja na herufi ndogo ya kiwanda ilikochapwa, kwa hiyo usiangalie mwaka peke yake, tafuta na ile herufi kwa kioo. Halafu toa zenye hali nzuri sana, zile ambazo nywele za sura iliyochorwa bado zinaonekana moja moja na mng'ao unaozunguka ukiigeuza upo, na zenye makosa ya kiwandani kama picha kuhama katikati. Hizo zote zinauzwa moja moja.

Zinazobaki, zilizosuguka, za miaka ya kawaida, zilizotobolewa zikavaliwa kama kidani, hizo ndo mzigo wa mizani. Zilizofanywa vidani angalia kikonyo chake, risasi na bati vilivyotumika kuunganishia vinaongeza uzito bila kuongeza fedha.

Hesabu yenyewe

Ni mstari mmoja: uzito kwa gramu, mara asilimia ya fedha, mara bei ya fedha safi kwa gramu. Bei ya dunia inatajwa kwa wakia kwa hiyo igawanye kwa 31.1035 upate ya gramu. Kilo moja ya asilimia 90 ina gramu 900 safi, kama wakia 28.9. Kilo ya 50 ina wakia 16.1. Kilo ya 25 ina wakia 8 tu. Unaona sasa kwa nini swali la "kilo bei gani" halina jibu.

Kuna raha moja kwenye sarafu za zamani, waliozitengeneza walipanga uzito ufuate thamani. Za Uingereza, peni sita ni gramu 2.83, shilingi 5.66, florini (shilingi mbili) 11.31, ya shilingi mbili na nusu 14.14. Za Marekani, senti 10 ni gramu 2.5, senti 25 ni 6.25, nusu dola 12.5. Kwa hiyo hata zikiwa zimechanganyika unaweza kuzihesabu kwa thamani iliyoandikwa na kukagua mizani: dola 40 za sarafu hizo za Marekani zikiwa mpya ni kilo moja kamili. Zikiwa zimetumika zitasoma pungufu kidogo, ndo maana wafanyabiashara badala ya wakia 0.7234 za fedha kwa kila dola moja wanahesabu 0.715. Zikisoma pungufu sana ujue ama zimesuguka kweli kweli ama kuna mgeni ndani. Dola kubwa za fedha za Marekani, za Morgan na Peace, haziingii kwenye hesabu hiyo, zenyewe ni gramu 26.73 kila moja.

Hapo ndo unajua lini ununue kwa kilo na lini kwa hesabu: zilizosuguka nunua kwa uzito, kwa sababu ukilipa kwa kuhesabu unalipia fedha ambayo ilishabaki kwenye mifuko ya watu miaka mia iliyopita. Zenye hali nzuri, kuhesabu au kupima ni mamoja.

Feki

Uzito peke yake unakamata feki nyingi lakini sio zote. Chukua sarafu moja moja, pima, linganisha na katalogi, afu pima upana. Feki akipatia uzito kwa madini mepesi lazima aifanye nene au pana zaidi, hana pa kukimbilia. Sovereign, sarafu ya dhahabu ya Uingereza, ni gramu 7.98 na upana milimita 22.05, Krugerrand ya Afrika Kusini ni gramu 33.93 na ndani kuna wakia moja kamili ya dhahabu, namba hizo zishike.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha maji na hakihitaji kitu cha gharama. Weka glasi ya maji kwenye mizani, bonyeza isome sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba uizamishe ikining'inia bila kugusa chini wala pembeni. Namba inayosoma ndo ujazo wake. Gawanya uzito wa kawaida kwa namba hiyo, jibu ndo densiti, yaani gramu kwa kila sentimita moja ya ujazo, na kila madini yana yake. Dola ya Morgan ya gramu 26.73 itasoma kama 2.59 kwenye maji, jibu linakuja kama 10.3, sawa. Ya shaba na nikeli yenye uzito uleule itasoma karibu 3.0 na jibu litakuwa 8.9, feki hiyo. Fedha safi ni 10.49, risasi 11.34, dhahabu safi 19.32. Angalizo kwa dhahabu: tungsteni ni 19.25, yaani dhahabu ya karati 24 iliyojazwa tungsteni maji hayatakuambia kitu, hapo nenda kwa mtu mwenye mashine ya kusoma madini.

Sumaku nayo ina kazi ya pili. Fedha haivutwi, ila ukiinamisha sarafu na kuteremsha sumaku juu yake itashuka polepole kama inateleza kwenye asali. Shaba nayo inafanya hivyohivyo kwa kiasi, kwa hiyo usiitumie hii peke yake.

Mfano wa kukuonyesha kwamba tarehe sio ushahidi: thala ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha ya Austria. Zote zimeandikwa 1780, lakini zimeendelea kuchapwa miaka na miaka baadaye, Vienna, Roma, London, Paris, Bombay na kwingine, kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wanaitaka hiyohiyo na si nyingine. Sio feki, ni fedha kweli, gramu 28.07 kwa asilimia 83.3. Ila mtu akikuambia ni ya miaka mia mbili na zaidi kwa sababu imeandikwa, mlipe ya uzito, nyongeza ya umri akaitafute kwingine.

Ukiwa unanunua

Kwenye kilo za mchanganyiko weka akilini kwamba mtu mwingine ameshapita humo kabla yako, labda wawili. Neno "haijachambuliwa" halina uzito wowote, kila muuzaji analiandika. Omba picha ya sarafu zikiwa zimetandazwa sio zimerundikwa, omba na video ya mizani ikisoma sifuri kisha mzigo ukiwekwa. Uliza kama uzito ni pamoja na mfuko au bati. Kilo ya mchanganyiko ni karibu sarafu 200 hivi ukikadiria gramu 5 kila moja, sasa kama bei ya kilo pamoja na usafiri ukiigawa kwa 200 inazidi bei ya kununua moja moja, unatafuta nini huko? Usafiri wenyewe ni mwiba, sarafu ni nzito, kuna mizigo ambayo nauli inazidi mali.

Kwenye kilo za fedha kataa mzigo ambao hauna mgawanyo. Mwambie muuzaji aandike: gramu kadhaa za 90, kadhaa za 80, kadhaa za 50. Asipotaka, lipa bei ya asilimia ya chini kuliko zote uliyoiona kwenye picha. Atanuna, mwache anune. Na mara ya kwanza na muuzaji usiyemjua chukua kidogo, gramu mia mbili hivi, uzipime nyumbani ndo uongee habari ya kilo.

Ukiwa unauza

Chambua mwenyewe, piga hesabu mwenyewe, andika jumla ya gramu safi kwenye karatasi kabla hujamwona mnunuzi. Mnunuzi wa kuyeyusha hatakupa bei yote ya soko, ana gharama za kusafisha na faida yake, hilo ni halali, lakini ukiwa na namba yako mkononi unajua anakata kiasi gani badala ya kusikia tu "nakupa vizuri". Waulize watatu siku moja, siku hiyohiyo, kwa sababu bei ya fedha inapanda na kushuka ndani ya masaa. Mkubaliane ni bei ya saa ngapi inayotumika. Ipimwe mbele yako, na kama anapeleka mizani chumba cha nyuma chukua mfuko wako uondoke bila ugomvi.

Mkusanyaji ni mteja tofauti na wa kuyeyusha, yeye anaweza kulipa juu ya bei ya madini kama mzigo una mpangilio. Nusu kilo ya nchi moja au enzi moja inaenda haraka kuliko kilo mbili za fujo. Hata mchanganyiko wa kawaida, ukitenga sarafu zenye wanyama, au zenye tundu katikati, unauza kwa bei nyingine.

Na tafadhali usizioshe! Sio dawa ya meno, sio limau, sio magadi, sio chochote. Ile rangi nyeusi au ya bluu iliyotanda juu ya fedha ndo mkusanyaji anaipenda, ukiisugua unaacha mikwaruzo ambayo kioo cha mara 10 kinaiona palepale, na sarafu iliyokuwa ya mkusanyaji inahamia bakuli la kuyeyusha. Zihifadhi pakavu, mbali na vifuko vya plastiki ya PVC maana vinatoa utomvu wa kijani unaokula madini.

Sheria

Kuyeyusha sio ruhusa kila mahali. Marekani walizuia kuyeyusha senti 1 na senti 5 tangu 2006, za zamani za fedha hazimo kwenye katazo hilo. Uingereza kuna sheria ya sarafu ya 1971 inayotaka kibali. Angalia ya nchi yako kabla hujawasha moto. Za kuchimbwa ndo kabisa, nchi nyingi zinahesabu kitu kilichotoka ardhini kuwa urithi wa taifa na kuna masharti ya kutoa taarifa, Uingereza kwa mfano wana sheria ya hazina ya 1996. Ukiletewa kilo ya sarafu za Kirumi zenye udongo uliza karatasi za zilikotoka, bila karatasi siigusi, na pia inauma kuona akiba ambayo mtu mmoja aliifukia pamoja zamani ikigawanywa kwa kilo kwa watu kumi.

Mwisho, daftari. Mali bila daftari huisha bila habari. Kila mzigo andika tarehe, gramu za kila asilimia, bei ya fedha siku hiyo, ulichotoa pembeni ukauza moja moja na kilichobaki. Piga picha mzigo ukiwa juu ya mizani namba ikionekana, uweke na risiti. Mnunuzi akirudi wiki ijayo na kusema ulimpunguzia gramu arobaini, unafungua simu unamwonyesha.